Walimlilia Bibi Harusi wa Tivii

Mpaka leo nikimwona mwanamke anamlilia mtu wa kwenye tamthilia, damu inanichemka. Sisemi kulia ni vibaya, mimi mwenyewe nimelia sana, tena nikapenga kamasi kwenye kanga ya mama. Ila kuna jioni moja pale Tunduma, sebuleni kwetu, niliyaona machozi ya watu wazima yanamwagwa kwa mtu asiye na shida nayo, na mwenye shida amekaa palepale mlangoni anaosha sahani. Tangu siku hiyo machozi ya tivii nayaangalia kwa jicho la pembeni.

Tivii yenyewe aliinunua baba mwaka mmoja kabla hajafariki. Ilikuwa ya rangi, ina mgongo mkubwa hata ikabidi meza isogezwe mbali na ukuta. Antena tuliifunga juu ya mti wa mkaratusi tukaielekeza Zambia, maana ukiielekeza Dar es Salaam unapata mvua tupu na sauti kama ya mtu anayekoroma. Ndivyo tulivyokuwa wengi wa mpakani miaka ile. Habari za Lusaka tulikuwa nazo zote, za Dodoma tunasimuliwa na madereva wa malori.

Sasa kule Zambia wakaanza kuonyesha tamthilia moja iliyotoka Amerika ya Kusini, kila Jumatatu hadi Ijumaa. Midomo ya watu inakwenda kivyake na maneno ya Kiingereza yanakwenda kivyake. Kiingereza chenyewe mtaani kwetu nani alikijua? Wanawake walijua Kinyiha, Kinamwanga, Kiswahili, na Kibemba cha kuuzia bidhaa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma miaka mitatu Kitwe kwa mama mdogo, nikarudi na Kiingereza changu cha shule. Basi nikageuka mkalimani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nakaa kwenye kigoda kando ya tivii, nimewaelekea watazamaji kama katekista, na mtu wa kwenye tivii hajamaliza sentensi nimeshaulizwa: "Kasema nini? We binti, kasema nini?"

Mhusika mkuu wanawake walimpa jina la Bibi Harusi, kwa sababu siku ya kwanza walimwona amevaa shela. Aliolewa na bwana mmoja mwenye mashamba na farasi, mzuri wa sura, kumbe mkono wake mwepesi. Anampiga. Mama mkwe anaona, anageuza shingo. Jamani, mtaa ulivyomlilia yule mwanamke! Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, mama wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa anapiga magoti kabisa kumwombea. Mama mwenye duka la vitenge jirani yetu, Mwislamu aliyekuja na mumewe kutoka Tabora, alisema siku moja wallahi angekuwa na nauli ya ndege angemfuata akamtoe mwenyewe. Na alisema huku anafuta macho. Mama yangu hakuwa msemaji, yeye alikuwa analia kimyakimya huku anachambua mchele, machozi yanadondokea kwenye ungo.

Wote walikuwa na neno moja tu kwa Bibi Harusi: "Toka hapo! Ondoka, mwanangu! Huna kwenu?"

Na Bibi Harusi akaondoka. Ijumaa moja akachukua sanduku, akapanda gari, akaenda kwa mama yake. Sebule ililipuka vigelegele. Shangazi alinyanyuka akacheza, mimi nikasukumwa pamoja na kigoda changu. Kipindi kikaishia pale, Bibi Harusi amesimama mlangoni kwa mama yake, mama hajafungua mdomo. Tukaachwa hivyo hadi Jumatatu.

Jumamosi asubuhi, dada yangu akashuka kwenye gari la mahindi lililotoka Ihanda.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Alikuwa ameolewa Ihanda kwa watu wenye kahawa, watu wanaoheshimika, nyumba ya bati na matofali ya kuchoma. Alikuja na mtoto wake wa kike mgongoni, mwaka mmoja na miezi, na mfuko mmoja wa rambo. Nilimkimbilia namsalimia, hanijibu. Nikasema tena. Akageuza kichwa, akanielekezea sikio la kulia, ndipo akasema, "Sema upande huu, mdogo wangu. Huku hakuna mtu."

Alisahau kufunika kahawa. Hilo ndilo kosa. Jioni kahawa inatakiwa kufunikwa kwenye vichanja isipate umande, na siku hiyo mtoto alikuwa na homa, akaenda naye zahanati, akarudi giza limeingia, kahawa ikapata umande. Mumewe akampiga kofi la sikio, akamrudishia lingine palepale. Damu ikatoka. Na haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa mara ya kwanza damu kutoka sikioni.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefikiri, kwa mtaa ule uliomlilia Bibi Harusi miezi mitatu mfululizo, dada yangu angepokewaje? Kwa vigelegele! Na mimi ndivyo nilivyofikiri, mjinga mimi. Jumapili baada ya ibada shangazi alikuja, akamtazama sikio, akasema "pole mama", halafu akakaa kwenye kochi akashusha pumzi. "Aibu gani hii sasa," akasema. "Watu watasema marehemu kaka yangu hakuacha mafunzo nyumbani."

Kumbe shemeji, kaka mkubwa wa mume wa dada, alikuwa ameshatuma ujumbe. Anakuja Jumatatu, saa kumi, kuzungumza na ukoo. Baba zetu wadogo kule Isansa walikuwa kwenye uchumaji wa kahawa, wakasema hawawezi kuacha shamba, shangazi aseme kwa niaba yao. Kwa hiyo kikao cha maisha ya dada yangu kilikuwa cha watu wanne: shangazi, mama, mama wa vitenge kama jirani na shahidi, na huyo shemeji mkubwa. Mimi nilikuwemo kwa sababu ya kupitisha maji ya kunawa.

Na dada? Dada hakukaa kwenye kikao. Kwetu anayesemwa hakai, anaitwa mwishoni kuambiwa. Mpaka aitwe, anapika. Mtoto yuko mgongoni, sikio limezibwa kwa pamba, anamnyonyoa kuku wa mtu anayekuja kumrudisha. Nilimwambia, "Dada, usipike." Akasema, "Nisipopika ndiyo watasema hata kupika sijui."

Hapo ndipo saa zilipotukoroga, na hili ni la kwetu wa mpakani, sidhani kama Iringa lingetokea. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Saa ya ukutani kwetu mama aliirudisha ikawa ya Zambia, ili tusikosee tamthilia. Mtaa mzima wa watazamaji waliishi kwa saa ile. Tamthilia ilianza saa kumi na moja ya ukutani, ambayo ni saa kumi na mbili ya serikali yetu. Sasa shemeji wa Ihanda, mtu wa kahawa, atajuaje mambo hayo? Aliposema saa kumi alimaanisha saa kumi ya Tanzania. Akafika na pikapu yake sawasawa, akakuta sebule tupu. Shangazi na mama wa vitenge wao wanangoja saa kumi ya ukutani. Shemeji akakaa peke yake saa nzima na kuku, akala mapaja yote mawili na firigisi, ambayo ni haki yake kama mgeni wa heshima, nami sikatai. Ila aliyempelekea firigisi ile mezani, amepiga goti, ni dada yangu.

Wanawake walipoingia, ilikuwa imebaki saa moja tamthilia ianze.

Nisikilizeni vizuri. Saa moja. Salamu zikala robo saa, maana mkwe hasalimiwi haraka. Sala ikafuata, shangazi akisali hajui kufupisha. Kula kukafuata. Sasa mama wa vitenge akaanza kutupia jicho ukutani. Shangazi naye jicho ukutani. Niliwaona! Nilikuwa nimesimama na jagi, naona macho yanavyopanda na kushuka. Ilibaki dakika ishirini.

Shemeji akasema mdogo wake anajuta. Akasema kahawa ile ilikuwa ya kupeleka chama cha ushirika, hasira ilimzidi. Akasema mtoto ni wa ukoo wao. Akasema kesho asubuhi ana safari ya kurudi, atalala kijiji cha jirani, Mpemba, kwa jamaa yake, apitie amchukue shemeji yake.

Mama yangu akafungua mdomo. Alisema, "Lakini sikio la mwanangu..."

Shangazi akamkatiza. Maneno yake ninayo kichwani hadi leo, neno kwa neno: "Wifi, kofi moja siyo kitu. Nani hapa hajapigwa kofi? Ndoa inataka uvumilivu. Mtoto wa watu akarudi kila akiguswa, nyumba zitabaki na nani? Arudi, awaombe radhi wakubwa, aangalie kahawa ya mumewe." Halafu akageuka kwa mama wa vitenge. "Au vipi jirani?" Na mama wa vitenge, yule wa nauli ya ndege, akasema, "Mimi naona hivyohivyo. Tusirefushe."

Tusirefushe! Nilitamani kumwaga jagi lote. Zilikuwa zimebaki dakika saba.

Dada, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango kwa sikio zima, akaitwa. Akaingia anafuta mikono. Shangazi akamwambia upande wa kushoto, yaani upande usiosikia, na dada akawa anatazama mdomo tu. Mimi nikarudia kwenye sikio la kulia: kesho asubuhi unarudi. Akamwangalia mama. Mama akaangalia ungo wake uliokuwa kando. Dada akasema, "Sawa," akakusanya sahani. Shemeji akaaga, akashukuru kwa kuku, na pikapu yake haijafika barabarani shangazi alishasema, "Haya binti, washa, washa! Tusije tukakosa mwanzo."

Wakaingia na wengine wa mtaani, sebule ikajaa, viatu rundo mlangoni. Nikakaa kwenye kigoda changu. Dada alikaa palepale mlangoni na beseni lake la sahani, ameelekeza sikio zima ndani.

Bibi Harusi yuko mlangoni kwa mama yake na sanduku. Mama yake, mwanamke mnene mwenye mvi, anamtazama. Halafu anamkumbatia, anaanza kusema, na Bibi Harusi analia.

"Kasema nini?" wakaniuliza wote.

Na mimi, Mungu anisamehe, au asinisamehe, vyovyote, nikafumbua mdomo nikasema: "Anasema, mwanangu, kofi moja siyo kitu."

"Nini?" akasema shangazi.

"Anasema, nani hajapigwa kofi? Ndoa inataka uvumilivu. Anasema, ukirudi kila ukiguswa, nyumba zitabaki na nani? Rudi, uwaombe radhi wakubwa, uangalie farasi wa mumeo."

Mayo! Hapo ungeziona hasira za watu. Mama wa vitenge alijipiga paja. "Mama gani huyo? Mama gani? Mtoto kaja na sanduku, na alama usoni, anamwambia arudi? Mshenzi mkubwa!" Mwingine nyuma akasema, "Anampeleka akauawe huyo, mtaona." Kwenye tivii Bibi Harusi akapanda gari lililokuja, mama anampungia mkono huku analia, nami nikasema, "Anarudi kwa mumewe." Wakapiga kelele kama waliomwagiwa maji ya moto. Shangazi alisimama kabisa, kidole kimemwelekea yule mama wa kwenye kioo, sauti ileile ya kwaya. "Mchawi! Mchawi wewe! Mtoto wa tumbo lako! Huna moyo?"

Na mama yangu, ambaye hajawahi kusema neno kwenye tamthilia tangu ianze, akasema taratibu, "Kweli huyo kamzaa?"

Mlangoni dada akacheka. Siyo kicheko cha furaha, alicheka kama mtu aliyekabwa na tonge likatoka. Kila mtu akageuka. Akasema, "Shangazi, hujayatambua? Si maneno yako?"

Nikaona nimalize. Nikasema, "Ndiyo, ni ya shangazi. Ya saa ileile mliyokuwa mnaangalia ukutani. Yule mama wa kwenye tivii hakusema hata neno moja kati ya hayo."

Nilidhani wataona haya. Nilidhani sasa watamgeukia dada, wamshike mkono, waseme tumekosa. Weee! Mama wa vitenge akaniangalia kwa uchungu wa kweli, uchungu ambao dada yangu hakuupata siku zote tatu, akasema, "Sasa yule mama kasema nini hasa?"

"Sisemi."

"Binti, usituletee utoto! Bibi Harusi anakwenda wapi na lile gari?"

"Muulizeni dada yangu anakwenda wapi na gari la kesho."

Shangazi akaniita mwana mpotevu. Akasema elimu ya Zambia imeniharibu, akasema kumbe muda wote nawadanganya, nani ajuaye kama hata mama mkwe ni mbaya kweli au ni mimi niliyemfanya mbaya. "Kufananisha mambo ya ukoo na mambo ya sinema!" akasema. "Yule ni Mzungu, hana mahari, hana wazee." Wakakaa kwa shingo upande hadi kipindi kikaisha, wanatazama midomo inavyokwenda, hakuna anayeelewa kitu. Wakavaa viatu vyao wakatoka wananung'unika kuwa nimewaharibia tamthilia. Hakuna hata mmoja aliyemuaga dada.

Asubuhi niliamka nikakuta mama jikoni anapuliza moto. Mfuko wa rambo wa dada ulikuwa mlangoni umeshafungwa, mtoto amevalishwa. Mama bila kunitazama akaniuliza, "Yule mama wa kwenye tivii, jana, alisema nini kweli?"

Nikamwambia. Hayakuwa mengi. Alisema: nenda popote unapotaka wewe, ila kule, hapana.

Mama akarudia midomoni, kama mtu anayekariri namba ya nyumba. Hapo pikapu ikapiga honi. Mama akajifunga kanga kiunoni, akatoka mwenyewe, mimi na dada tuko nyuma yake. Shemeji akashuka, akasalimia, akauliza kama mizigo iko tayari. Mama akamjibu salamu yote, hadi habari za watoto na ng'ombe. Kisha akasema, "Baba, mwanangu ataenda popote anapotaka yeye. Ila kule, hapana." Shemeji akasema tulishakubaliana jana. Mama akasema, "Jana tulikuwa na haraka." Akachukua ule mfuko wa rambo akaurudisha ndani.

Mnajua, hata hilo lilinikasirisha. Nilishukuru, nikamkumbatia mama, nikalia. Ila nilikasirika kwamba mama yangu, mwanamke aliyezaa, aliyezika mume na kujenga, alikuwa hana neno lake la kumtetea mwanawe mpaka aliazime kwa mwanamke mnene wa Amerika ya Kusini asiyejua hata Tunduma iko wapi. Kumbe neno "hapana" hakuna aliyewahi kumfundisha.

Ukoo ulimnunia mama kwa miaka. Dada alibaki nyumbani, baadaye akaweka meza ya chai na chapati karibu na foleni ya malori, na madereva wake walizoea kumwagiza kwa upande wa kulia. Mtoto alikua, akasoma. Sikio halikurudi.

Shangazi alitusamehe, au tuseme alichoka kununa. Miaka mingi baadaye alikuja kututembelea, mzee, anatembelea fimbo. Tulikuwa na tivii bapa ya ukutani, king'amuzi, tamthilia zenye Kiswahili chake humohumo, hazihitaji kigoda wala mkalimani. Akaangalia kidogo, akapunguza sauti mwenyewe, akanisogelea. Nikajua ana jambo zito. Nikafikiri, hatimaye. Hatimaye atasema.

"Binti," akasema, "nimezeeka, usinifiche. Yule Bibi Harusi. Siku ile alirudi kwa mumewe, au hakurudi?"

"Hakurudi, shangazi."

Akafumba macho, akainua mikono yote miwili. "Bwana asifiwe," akasema. "Ungejua nilivyomwombea."

Dada alikuwa amesimama mbele yake, anammiminia chai, ameinamisha kichwa ili sikio la kulia limsikie shangazi akisema sukari vijiko vingapi.